Je, wajua kwa nini kemo inaanza na nywele za kichwani, nyusi zinabaki?

Nianze na aibu yangu. Mama mdogo alipokutwa na saratani ya matiti akaanzishiwa kemo (dawa za kuua seli za saratani), siku ya 16 tangu dripu ya kwanza alipitisha chanuo likatoka na fungu zima la nywele, na mimi kimoyomoyo nikasema basi, ugonjwa umeshapanda kichwani. Nimetembea na wazo hilo muda mrefu na nikiulizauliza naona tuko wengi. Sio kweli, ni dawa ndo inanyonyoa. Halafu kuna kundi la pili, wao wanasema zikitoka ujue dawa inafanya kazi, zikibaki umetundikiwa maji tu. Hapana pia. Zipo dawa za kemo zisizonyonyoa sana na kazi zinafanya, na kama uvimbe umepungua au la utaambiwa na vipimo, sio na chanuo.

Sasa inakuwaje. Chukua ile dawa nyekundu, doksorubisini, ambayo hata mkojo unatoka mwekundu siku moja mbili mtu anadhani ni damu. Yenyewe haijui hii seli ya saratani hii sio, ni kama msako wa mgambo sokoni, anayekimbia anadakwa, aliyekaa kibarazani anapitwa. Kukimbia hapa ni kujigawa. Seli za saratani zinajigawa hovyo, ila na mashina ya nywele nayo yako mbio, maana kichwani karibu nywele 9 kati ya 10 muda wowote zinaota. Nyusi nyingi zimepumzika.

Mbona basi hazitoki siku ileile? Hapa ndo paliponinogea. Mtu anasuka ukili, katikati miyaa ikapungua: ukili haukatiki palepale, unaendelea ila una kiuno chembamba, siku ukiuvuta unakatikia hapo. Unywele hivyohivyo, baada ya dripu shina linaishiwa seli za kusukia, linatoa kipande chembamba, na kwa vile unywele unarefuka kama sentimita 1 tu kwa mwezi, kile kiuno kinachukua wiki 2 au 3 kufika usawa wa ngozi, mto ukisugua kidogo, kwisha. Shina lenyewe limebaki, ndo maana kwa wengi zinarudi miezi michache baada ya kumaliza, wakati mwingine na mjikunjo mpya kabisa (kwa wachache, hasa waliopewa dawa ya kemo iitwayo dosetakseli, hazirudi zote).

Msako huohuo ndo unaleta vidonda mdomoni na kushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, kwa hiyo homa ya 38 katikati ya kemo ni kwenda hospitali muda huohuo, sio kumeza panado ukalala.

Ila mfano wangu wa mgambo usiuvute sana. Ganzi ya vidole inayoletwa na pakilitakseli, dawa nyingine ya kemo, hauielezi, mishipa ya fahamu haijigawi, dawa inavuruga vijireli vya kusafirishia vitu ndani yake.

Na kichwa cha habari kimedanganya kidogo: nyusi nazo huwa zinaondoka, ila kwa kuchelewa. Za mama mdogo zilikwenda kemo imeshaisha, kichwani vinyweleo vinachipua, akabaki anajiangalia kwenye kioo anacheka.