Vifo vya dawa za kulevya Maryland: jumla inaposhuka, tazama nani bado anakufa

Kila ripoti ya vifo vya kuzidisha dozi inapotoka hapa Maryland, jimbo la Marekani, vyombo vya habari hukimbilia namba moja: jumla ya jimbo zima. Kwa sasa namba hiyo inatia moyo. Mwaka 2021 walikufa watu wapatao 2,800. Mwaka 2023 walikuwa takriban 2,500, na 2024 idadi ikaporomoka hadi karibu 1,600. Nami nafurahi, maana kila tarakimu inayopungua ni mtu aliyerudi nyumbani akiwa hai. Lakini kazi yangu ni kuchambua takwimu za vifo, na siwezi kuiacha jumla ikae hivyo bila kuipasua.

Nianze na mahali. Jiji la Baltimore, ambalo kiutawala halimo katika kaunti yoyote, halina hata mkazi mmoja kati ya kumi wa Maryland. Mwaka 2023 zaidi ya watu 1,000 walikufa humo, yaani kama vifo viwili katika kila vitano vya jimbo zima. Ukigawa kwa idadi ya wakazi unapata takriban vifo 180 kwa kila watu 100,000, wakati kiwango cha Marekani nzima mwaka huo kilikuwa kama 31. Hapo jirani na Washington, Kaunti ya Montgomery ina watu zaidi ya milioni moja, karibu mara mbili ya Baltimore, na vifo vyake ni sehemu ndogo tu ya vile vya Baltimore. Ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka moja hadi nyingine.

Kaunti ndogo zinataka uangalifu wa namna nyingine. Kent, kule Ufukwe wa Mashariki wa jimbo, ina watu kama 19,000. Kifo kimoja tu kikiongezeka, kiwango chake kinapanda kwa zaidi ya 5 kwa kila 100,000. Akifa mtu mmoja zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana, gazeti linaweza kuandika kwamba hali imeharibika; wakipungua wawili, litaandika ushindi. Ndiyo maana kwa kaunti kama hizo tunajumlisha miaka mitatu au mitano kabla ya kusema lolote.

Lakini jambo linaloniumiza zaidi ni umri. Ukimwuliza mtu amfikirie anayekufa kwa fentanili, dawa kali ya jamii ya heroini inayotengenezwa maabara, wengi watamwona kijana aliyenunua kidonge mtandaoni. Vijana hao wapo, na kila mmoja ni msiba. Ila Baltimore wanaobeba mzigo mzito kupita wote ni wanaume Weusi waliozaliwa kati ya mwaka 1951 na 1970. Ni sehemu ndogo sana ya wakazi, lakini katika orodha ya vifo wamejaa.

Historia yao inaeleza mengi. Heroini ilienea katika mitaa ya Baltimore wakati wao wakiwa wavulana au vijana, ajira za viwandani zikaanza kukauka, kisha ikaja miaka ambayo jibu la serikali kwa uraibu lilikuwa jela. Walioanza wakati huo wameendelea kufa kwa viwango vya juu katika kila umri waliopitia: thelathini, arobaini, hamsini, na sasa sitini na kitu. Wengi waliishi na heroini miaka mingi kwa sababu walikijua kipimo chao. Fentanili ikavuruga kipimo hicho. Nguvu yake ni kama mara 50 ya heroini, na kinachouzwa mtaani hakina mizani ya uhakika. Mwaka 2013 fentanili ilihusika katika vifo 58 Maryland. Mwaka 2016 vilizidi 1,100. Wengine walidhani wanatumia kokeini tu, kumbe imechanganywa. Ongeza mapafu na moyo vilivyochoka, na chumba anamoishi peke yake, ambamo hakuna wa kusikia pumzi ikikatika.

Kushuka kwa sasa kuna sababu kadhaa. Naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha, inauzwa madukani Marekani bila cheti cha daktari tangu Septemba 2023. Sharti la kibali maalumu kwa madaktari wanaoandika buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa heroini na fentanili, liliondolewa mwishoni mwa 2022. Bidhaa ya mtaani yenyewe nayo imebadilika. Sababu nyingine ni ya kusikitisha: baadhi ya waliokuwa hatarini zaidi wamekwisha kufa. Na unafuu haukuwafikia wote kwa pamoja. Kitaifa, mwaka 2023 kiwango cha vifo cha Wazungu kilishuka huku cha Weusi kikipanda kidogo.

Kwa hiyo nataka kuona naloksoni ikiwekwa kwenye majengo ya kupanga ya wazee kama ilivyowekwa vyuoni, na daktari akimwuliza mgonjwa wa miaka 65 kuhusu heroini kama anavyomwuliza kuhusu sukari na presha. Methadoni, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, na buprenofini hupunguza vifo katika umri wowote. Waliofuatilia huduma ya methadoni iliyoanza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 wanajua namna mtu anavyoweza kutulia na kurudi kazini.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Maryland: idara za afya za kaunti hutoa naloksoni bure, na kuitumia ni kuipuliza puani. Ukimkuta mtu haamki, midomo imebadilika rangi na anakoroma au hapumui, mpulizie, piga namba ya dharura 911, mlaze ubavu akianza kupumua, na usimwache, maana dozi moja inaweza isitoshe. Tangu Oktoba 2015 sheria ya jimbo humkinga anayepiga simu, pamoja na mgonjwa mwenyewe, wasikamatwe kwa kupatikana na dawa za kulevya kwa matumizi yao.