San Marco ya Ngomeni: tunayoambiana na yaliyo kweli

Ukitoka Malindi mjini, huku pwani ya Kenya, ukashika njia ya kaskazini mpaka Ngomeni, ukisimama ufuoni siku ya jua zuri unaviona vile vyuma vimesimama baharini. Watu wa huku tunaviita San Marco, basi. Lakini ukiuliza ni vya nini kila mtu ana stori yake, nyingine nazisikia tangu niko mdogo na mpaka leo bado zinazunguka, na mimi zinaniuma kwa sababu ukweli wenyewe ni mkubwa kuliko hizo stori.

Inayosikika sana ni eti vilikuwa visima vya mafuta, wazungu wakachimba wakakosa wakaenda zao. Sio, yalikuwa majukwaa ya kurushia satelaiti angani kwa roketi. Kinachowachanganya watu nadhani ni kwamba jukwaa moja, Santa Rita, kweli lilitengenezwa kwa kazi ya mafuta kabla halijaletwa hapa, ila hapa wataalamu walikaa humo kuongoza roketi, na roketi yenyewe ilisimama kwenye lile jukwaa lingine, San Marco. Mradi ulikuwa wa Waitaliano na NASA, shirika la anga la Marekani, na aliyeusukuma tangu mwanzo ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Satelaiti ya kwanza kutoka hapa ilipaa 26 Aprili 1967, ya mwisho 25 Machi 1988. Jumla tisa, na zote tisa zilifika.

Kuna wanaosema ni roketi za kwenda mwezini. Hapana jamani, hizi zilikuwa Scout, urefu wake kama mita 22 au 23 tu, zile za mwezini zilifika mita 110.

Halafu eti walichagua kwetu kwa sababu ni pori na fukwe ni nzuri za kupumzika. Hebu sikia. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na pale kwenye ikweta mwendo wake ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ngomeni iko digrii 3 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo roketi ikielekezwa mashariki inaondoka tayari na mwendo ule wote, kama mtu anayerusha kitu mbele akiwa ndani ya boti inayokimbia. Na mashariki yetu kuna nini? Bahari ya Hindi, tupu, vipande vikidondoka havimwangukii mtu.

Sasa ile satelaiti iliyoitwa Uhuru. Hii ndo ningependa kila mtoto wa Malindi aijue. Watu husema ilikuwa satelaiti ya Kenya, wengine wanasema ni jina tu la kutufurahisha. Ilikuwa ya NASA, kweli, lakini ilirushwa hapa 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, na ndo wakaipa jina hilo la Kiswahili kama heshima kwa nchi. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama eksirei zinazotoka kwenye nyota, maana eksirei hizo hazipenyi hewa yetu kufika chini. Kurushwa hapa kuliipa njia ya kuzunguka juu ya ikweta, mbali na mionzi mikali ambayo ingevuruga vipimo. Ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na data zake zilisaidia sana kuwaonyesha wanasayansi kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei huko mbali angani, ina shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel ya fizikia 2002. Yote hayo yalianzia kwenye maji wanayovulia watu wa Ngomeni!

Taifa-1, satelaiti ya Kenya, nayo watu wengi wanadhani ilitokea hapa. Ilirushwa California, 15 Aprili 2023.

Na la mwisho, eti pale pamekufa kabisa. Kilichokufa ni kurusha, hata Scout zenyewe zilistaafishwa 1994. Lakini nchi kavu kituo bado kipo, sasa kinaitwa kwa jina la Broglio aliyefariki 2001, na antena zake zinafuatilia satelaiti na kupokea data. Mfano Swift, ile ya kuwinda milipuko mikubwa ya mbali kabisa angani, ilirushwa 2004 na kwa miaka mingi ikawa inapita juu yetu na kumwaga data zake hapa hapa Malindi.