Magadi si chumvi

Mpwa wangu amerudi Mombasa kutoka ziara ya shule Nakuru, na la kwanza kuniambia ni hili: "Mjomba, kule kuna ziwa la chumvi kama bahari yetu!" Wiki hiyohiyo nimelisikia kwa utingo wa matatu na kwenye redio. Jamani, lile ni ziwa la magadi.

Ziwa la magadi ni ziwa lisilo na mto wa kutolea maji, kwenye mawe ya volkeno yenye sodiamu nyingi. Jua hukausha maji, magadi hubaki. Nakuru iko kama mita 1,750 juu ya bahari. Chumvi ya kwetu haikupanda huko.

Chumvi, au munyu kama wasemavyo wazee wa Kimvita, ni sodiamu kloridi. Magadi ni sodiamu kaboneti na baikaboneti. Nunua kipande sokoni, ukiloweshe, ukisugue kwa vidole: kinateleza kama sabuni. Kikamulie ndimu, kitatoa povu. Chumvi haifanyi hivyo. Mama akipika maharagwe magumu hutia magadi yaive upesi, kisha hutia chumvi vilevile. Hajawahi kuvidhania kitu kimoja.

Na neno lenyewe? Mzee mmoja wa Mji wa Kale hushikilia kuwa linatokana na magadi ya jahazi, ile miti ya kuegemeza chombo kikiwa pwani kisilale ubavu. Namheshimu, ila hapa sikubali. Mti huo mmoja ni gadi. Magadi ya kupikia hayana umoja, ni kama maji, maziwa na mafuta. Wamaasai nao wana neno makat, na hilo ndilo linalofanana nalo kweli. Waarabu husema natruni, ndiko lilikotoka jina la Ziwa Natron.

Tofauti hii heroe, yaani ndege flamingo, anaijua. Heroe mdogo huchuja spirulina, vijidudu vya kijani visivyoonekana kwa macho, vinavyostawi kwenye magadi. Rangi yake ya waridi hutoka humo. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, chakula kikapungua, na heroe wengi wakahamia kwingine, Ziwa Bogoria likiwemo.

Nimemwomba mpwa wangu afute "chumvi" kwenye insha yake aandike "magadi". Ya heroe ameandika vizuri, hayo ayaache.