Gari kuwa juu haimaanishi ni fowili

Jamani, hapa Dodoma wengi bado wanaamini gari ikiwa juu kama Harrier au RAV4 basi ni fowili, yaani inavuta tairi zote nne, sio kweli kabisa, hizo gari zipo pia zinazovuta tairi mbili tu za mbele, na ukinasa kwenye mchanga wa korongo huko Chamwino mvua za Januari, watoto wamelala siti ya nyuma, ndo utaelewa. Ule urefu unasaidia usigonge mawe chini, ila kujinasua ni kazi ya tairi zinazovuta. Kabla hujalipa mwambie fundi aingie uvunguni, kama nyuma hamna difu (lile boksi la gia linalozungusha tairi za nyuma) basi inavuta mbele tu. Kwa shule na sokoni Majengo inatosha sana, ila kwa bibi kijijini kipindi cha mvua chukua inayovuta zote nne.