Kasi ya wimbi la uso kwa leza haitoki kwenye kipimo kimoja

Wengi huamini kwamba kupima kasi ya mawimbi ya ultrasoniki (sauti ya masafa ya juu mno kusikika) yanayotambaa juu ya uso wa chuma, inatosha kupima umbali kati ya leza inayopiga chuma na kuzalisha wimbi na nukta ya intaferometa (kifaa kinachosoma mtikisiko wa uso kwa mwanga) inayopokea, kisha kuugawa kwa muda unaosomeka kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora ishara za umeme dhidi ya muda. Sivyo. Muda huo umebeba pia ucheleweshaji wa leza yenyewe, nyaya na saketi. Kwenye alumini wimbi la Rayleigh, yaani hilo linalotambaa juu ya uso, huenda takriban mita 2,900 kwa sekunde, yaani milimita 10 kwa mikrosekunde 3.45. Ucheleweshaji wa mikrosekunde 0.2 tu utakupa mita 2,740, kosa kubwa mno.

Acha intaferometa palepale, usogeze chanzo, yaani pale leza inapopiga, kwa skrubu ya maikromita, milimita 1 kila hatua, kutoka milimita 10 hadi 20. Chora grafu ya umbali dhidi ya muda: mteremko wake ndio kasi, na ucheleweshaji usiobadilika hujifuta wenyewe.

Soma nukta ileile ya wimbi kila mara, tuseme bonde lake kubwa. Kijipigo kidogo kinachotangulia ni wimbi la mgandamizo, lenye kasi inayozidi mita 6,000. Mstari wa leza unaotengenezwa na lenzi ya silinda uwe na pembe mraba na mwelekeo wa kusogea. Ukipinda nyuzi 5, kasi huonekana kubwa kwa takriban 0.4%. Bamba likiwa jembamba, unene wake ukikaribia urefu wa wimbi, unapima mawimbi ya Lamb (yanayotikisa unene wote wa bamba), ambayo kasi yake hubadilika kulingana na masafa.