Klipsi za ndani ya gari: pima tundu, usipime klipsi

Gari likivuka miaka ishirini, ndani huanza kuimba. Kava la mlango linacheza, plastiki za buti zinagonga, ukipita kwenye tuta kila kitu kinaitikia. Mara nyingi kilichokufa ni klipsi tu, vile viriveti vya plastiki vinavyoshika kava kwenye bodi. Kwa gari linaloshinda juani hapa Dar, plastiki hiyo inakauka na kukatika shingo.

Dawa ya mtaani ni skrubu: toboa kava, kaza, kelele kwisha. Mimi sifanyi. Nyuma ya kava la mlango kuna nyaya na kioo kinachopanda na kushuka. Na kwenye nguzo za gari lenye eabegi za pazia, yaani mifuko ya hewa inayofunguka ubavuni ajali ikitokea, skrubu hata usiitaje.

Riveti yenye pini katikati ina namna yake ya kufunguliwa. Ikiwa pini ina alama ya nyota, izungushe kidogo ipande. Ikiwa imelala sawa na kichwa na haina alama, ibonyeze kwa ncha ya bisibisi ndogo, milimita mbili hivi, mpaka isikike “tik”; riveti itatoka nzima. Ukizidisha, pini inadumbukia ndani. Kuirudisha riveti, kwanza sukuma pini kwa nyuma ichomoze juu ya kichwa, chomeka riveti, halafu bonyeza pini ilale.

Klipsi za mlango hazina pini. Fungua kwanza skrubu zilizojificha kwenye kitasa na mkono wa kuvutia mlango, kisha banjua kwa kijiti bapa cha plastiki karibu kabisa na klipsi. Ukivuta katikati ya klipsi mbili, kava la ubao lililokwisha kunywa maji linachanika, na hapo umejiongezea kazi.

Kariakoo utaonyeshwa klipsi za kila rangi. Wengi huenda na ile mbovu mkononi kama sampuli, lakini hiyo imeshakonda. Pima tundu la bati kwa venia, kile kipimo chenye taya kinachosoma milimita: la milimita 7 na la 8 yanafanana kwa macho, ila klipsi ya 7 kwenye tundu la 8 itaendelea kucheza. Angalia pia upana wa kichwa na urefu wa shingo. Kwa Toyota, klipsi nyingi za asili namba yake huanza na 90467. Muuzaji anayejua kazi ataitafuta kwa hiyo. Za pakiti ya mchanganyiko, kunja mguu mmoja kwa kidole. Mguu ukigeuka mweupe pale ulipokunjwa, ziache.

Za mlango nachukua zenye pete ya sponji chini ya kichwa. Masika maji hupita ndani ya mlango na kutokea matundu ya chini. Bila pete yanapenya hadi kwenye kava.

Wakati wa kurudisha, simamisha kila klipsi wima mbele ya tundu lake, ndipo upige kwa kiganja juu yake hasa. Iliyoinama itajikunja ndani, na utalazimika kulifungua kava upya.