Ndugu na shida katika hadithi za watoto: tunayoyaamini na yaliyomo vitabuni

Dhana: Hansel na Gretel walitupwa msituni na mama wa kambo

Ndivyo wengi wetu tulivyosimuliwa kuhusu kaka na dada hao. Lakini Jacob na Wilhelm Grimm, ndugu wawili waliokusanya hadithi za kale, walipoichapa hadithi hiyo kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani, mwaka 1812, aliyemshawishi mumewe wawaache watoto porini kwa sababu ya njaa alikuwa mama yao mzazi. Mama wa kambo aliingizwa katika toleo la 1840. Badiliko hilo si dogo. Limempa msomaji mtu wa kumlaumu, na njaa iliyoanzisha yote ikasahaulika. Na mama wa kambo wangapi wanaolea watoto wa wenzao kwa moyo mmoja wamebeba lawama isiyo yao!

Dhana: Ndugu wanaopendana hawagombani

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana mtoto akiiamini hujiona mbaya kila anapokosana na nduguye. Tazama kitabu cha E. Nesbit, *The Railway Children*, kilichotoka Uingereza mwaka 1906. Baba amechukuliwa usiku na watu wageni, na watoto hawajaambiwa sababu. Wamehamia kijijini, karibu na reli, na mama anaandika hadithi ili wapate kula.

Siku moja Roberta na mdogo wake Peter wanagombea reki bustanini. Huyu anavuta, huyu anavuta. Roberta anaiachia ghafla, Peter anapepesuka na kuanguka, na meno ya reki yanamjeruhi mguu. Neno la kwanza linalomtoka dada mtu ni kwamba amekipata alichokitaka. Hajajua bado kwamba kuna damu.

Peter analazwa kitandani, na Roberta, kwa majuto, anakwenda stesheni kumtafutia majarida ya kusoma. Perks, mpagazi wa stesheni, anampa na kumfungia kwa gazeti kuukuu. Akiwa anasubiri treni ipite, jicho lake linaangukia maandishi ya lile gazeti: baba yake amehukumiwa kifungo cha miaka mitano. Anamwambia mama peke yake. Wadogo zake hawaambii kitu. Kisha anamwandikia kwa siri mzee mmoja anayepita kila siku kwa treni, akimwomba msaada.

Yote hayo yameanzia kwenye ugomvi wa reki. Nesbit hamsafishi Roberta kwanza ndipo ampe mzigo mzito. Anampa mzigo akiwa bado ni dada mwenye hasira zake. Wahenga waliliona hili zamani: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Ugomvi wao hauvunji undugu, na wa pembeni asijipe matumaini.

Dhana: Kaka ndiye mlinzi, dada ni wa kuokolewa

Hansel aliokota kokoto za kuwaonyesha njia, ni kweli. Lakini mchawi wa msituni alipomfungia kizimbani ili amle, aliyemsukuma mchawi huyo ndani ya tanuri alikuwa Gretel. Matoleo ya baadaye yakaongeza bata anayewavusha maji wakirudi nyumbani: Hansel anataka wapande wote wawili, Gretel anakataa, bata ataelemewa, wavuke mmoja mmoja. Wanaosimulia hupenda kukiruka kipande hiki, nami naomba wasikiruke.

Dhana: Shida yenyewe humkomaza mtoto

Tunapenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, tukadhani taabu ikishamkuta mtoto, kazi imekwisha. Beverley Naidoo, Mwafrika Kusini aliyekuwa akiishi Uingereza, aliandika *Journey to Jo'burg* mwaka 1985. Naledi ana miaka 13, mdogo wake Tiro ana 9. Mtoto mchanga wa nyumbani, Dineo, yu taabani kwa maradhi, na mama yao yuko Johannesburg, zaidi ya kilomita 300, akifanya kazi za ndani kwa Wazungu. Wanaondoka kwa miguu kwenda kumwita.

Umaskini walikuwa nao tangu zamani, na haukuwa umemfunza Naledi kitu kuhusu nchi yake. Kinachombadilisha ni watu. Grace, msichana anayewalaza kwao Soweto, mtaa wa Waafrika kando ya Johannesburg, anamsimulia yaliyowapata wanafunzi walioandamana mwaka 1976. Hospitalini Naledi anamwona mama mwingine akitoka na mtoto aliyekufa. Hapo anaanza kuuliza kwa nini maisha yao yako hivyo, na kwa nini shule inawaandaa kuwa watumishi. Tiro amesafiri safari ileile, lakini maswali hayo ni ya dada yake.

Wapo wanaodai maswali ya namna hiyo ni mazito mno kwa watoto. Serikali ya makaburu haikuona hivyo: ilijua watoto wangeyaelewa, ikakipiga marufuku kitabu hicho Afrika Kusini hadi mwaka 1991.